Mapendekezo 339: shajara ya kufuatilia ahadi za serikali kuhusu vifo vya Waaborijini kizuizini

Onyo kwanza, kama ilivyo desturi hapa Australia: humu wametajwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, waliofariki.

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuanzisha kazi kama hii, hapa Melbourne au nyumbani. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia haraka. Nilipokosea nimekaa, kwa sababu huko ndiko Jumamosi zangu zilikoishia.

8 Machi 2025. Kuanza

Mimi ni karani wa takwimu katika ghala moja magharibi mwa jiji. Excel naijua, sheria siijui. Wazo si langu. Ni la mama mmoja wa Kiaborijini tunayekutana naye maktaba ya mtaa. Hapa wazee wa kike wa Kiaborijini kila mtu huwaita Aunty, damu iwepo isiwepo; mimi namwita Shangazi, naye kashazoea. Siku moja akaniona nimefungua jedwali la kazini, akauliza, "Wewe unayehesabu maboksi, unaweza kunihesabia ahadi?"

Kwa asiyeijua historia yenyewe: tarehe 28 Septemba 1983 kijana wa miaka 16, John Pat, alifia seli ya polisi mjini Roebourne, Australia Magharibi. Polisi walioshtakiwa waliachiwa huru. Familia kama yake, kutoka kila pembe ya nchi, hazikunyamaza, na mwaka 1987 serikali ya Bob Hawke ikaunda Tume ya Kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi wa umma. Tume ilichunguza vifo 99 vya kati ya Januari 1980 na Mei 1989. Wastani wa umri wa hao 99 ulikuwa miaka 32. Watu 43 kati yao waliwahi kutenganishwa na familia zao wakiwa watoto. Ripoti ilitoka 1991 ikiwa na mapendekezo 339.

Mpango wangu: mistari 339, safu moja ya jibu, limetekelezwa: ndiyo au hapana. Nikajipa wiki mbili.

Gharama mpaka leo: sifuri. Maktaba ni bure, na chai ya Shangazi pia.

22 Machi 2025. Wiki mbili zimekwisha

Maandishi ya ripoti yote yapo mtandaoni, kwa hiyo kunakili kulikuwa kazi ya jioni moja. Kusafisha kulichukua siku tisa.

Kosa la kwanza ni la kijinga, nalieleza ili lisikupate. Mwisho wa kila pendekezo pana marejeo ya juzuu na ukurasa, kitu kama 3:28. Excel ikaona hiyo ni saa, ikaibadilisha kuwa saa tisa na dakika 28 usiku, na nyingine kuwa vitu visivyosomeka kabisa. Sikugundua hadi nilipofika katikati. Dawa yake: kabla ya kubandika chochote, safu iwe ya maandishi, si ya namba. Nililijua hilo kazini miaka mingi, nyumbani nililisahau.

Kosa la pili ni zito zaidi. 339 si idadi ya kazi. Pendekezo moja linaweza kuwa na vipengele a hadi h, na kila kipengele kina mhusika wake. Tena Australia si serikali moja: kuna ya shirikisho, majimbo sita na maeneo mawili. Tisa. Zidisha 339 kwa tisa upate 3,051, halafu toa yale yasiyowahusu wote, halafu ongeza vipengele. Niliacha kuhesabu. Tuliamua kila mstari uwe pendekezo moja kwa serikali moja, na yasiyoihusu serikali hiyo yawekewe alama ya mkato tu.

Gharama: dola 41 za kuchapa ripoti, kwa kuwa Shangazi hasomi kwenye kioo cha kompyuta. Saa zangu: 34.

12 Aprili 2025. Rangi ya kijani

Nilidhani nimepata njia ya mkato. Mwaka 2018 kampuni ya ushauri ya Deloitte, kwa kazi iliyopewa na serikali ya shirikisho, ilitoa tathmini ya mapendekezo yote: asilimia 64 yametekelezwa kikamilifu, 14 kwa sehemu kubwa, 16 nusunusu, 6 bado. Nikahamisha matokeo yao kwenye jedwali langu, nikapaka rangi. Lilipendeza. Kijani tupu, na madoa mekundu machache kama pilipili kwenye kachumbari.

Jumamosi nikamwonyesha Shangazi. Alivaa miwani, akasogeza karatasi karibu, akapitisha kidole kwenye safu ya rangi mpaka chini. Kisha akauliza, "Kijani ya nani hii?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma tathmini yenyewe badala ya muhtasari wake, nikasoma na barua ya wasomi zaidi ya 30 walioipinga mwaka huohuo. Hoja yao, kwa ufupi wangu: tathmini ilitegemea sana kile serikali zenyewe zilichosema zimefanya, na iliangalia hatua zilizochukuliwa, si kama hatua hizo zimebadilisha chochote kule selini. Ni sawa na kumuuliza fundi kama paa linavuja, akakujibu kwamba mabati kayanunua.

Nikaifuta safu yote. Wiki tatu za kazi, saa 22, zimekwenda. Ila faida ipo: nimeongeza safu mpya inayoitwa "nani kasema". Hakuna jibu litakaloingia bila hiyo kujazwa.

Kando kidogo: miongoni mwa mapendekezo ya mwanzo kabisa lilikuwamo hili, kwamba serikali zitoe taarifa za utekelezaji kila mwaka. Zilianza kutoa, na kabla muongo haujaisha zikakoma. Kwa maneno mengine kazi tunayoifanya hapa maktabani, wenyewe waliahidi kuifanya.

3 Mei 2025. Pendekezo la 79

Leo ni siku ya uchaguzi mkuu. Nje ya shule za mtaa watu wanapanga foleni ya kura na foleni ya soseji, na ya soseji ni ndefu. Sisi tulikaa jikoni kwa Shangazi tukafanya pendekezo moja tu, kwa ukamilifu, tuone linachukua muda gani.

Tulichagua la 79: pale ambapo ulevi hadharani bado ni kosa la jinai, sheria hiyo ifutwe. Nilidhani ni rahisi, maana sheria ama ipo ama haipo.

Victoria, jimbo letu, ndilo lililotufundisha. Pendekezo ni la 1991. Tarehe 5 Desemba 2017 Tanya Day, mama wa Kiyorta Yorta, moja ya jamii za Waaborijini, alikuwa amelala kwenye treni ya kwenda Melbourne. Polisi walimshusha Castlemaine kwa sababu ya ulevi. Alianguka selini, akaumia kichwa, akafariki tarehe 22 mwezi huohuo. Mjomba wake, Harrison Day, alikuwa mmoja wa wale 99 waliochunguzwa na Tume. Watoto wake wakadai sheria ifutwe. Serikali ya jimbo ikaahidi 2019. Bunge likapitisha Februari 2021. Sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 7 Novemba 2023.

Sasa niambie, katika safu yangu ya ndiyo na hapana, Victoria ilikuwa "ndiyo" tangu lini? Mwaka 2021 magazeti yaliandika kwamba sheria imefutwa. Mtu aliyelala kwenye treni mwaka 2022 bado angeweza kukamatwa kwa sheria ileile. Hapo ndipo safu moja ilipozaa mbili: "yapitishwa" na "yaanza".

Tukahamia New South Wales. Wao walifuta kosa la ulevi hadharani mwaka 1979, kabla hata ya Tume. Kijani, basi? Kosa limefutwa, lakini polisi wanaweza kumweka mlevi selini kwa usalama wake. Jimbo hilohilo lina huduma ya simu tangu 2000: polisi wakimkamata Mwaborijini, lazima wapigie simu mawakili wa Kiaborijini, saa yoyote. Hilo ni pendekezo la 224, na huduma hiyo imesifiwa sana, kwa haki. Julai 2016 mwanamke mmoja aliwekwa seli ya polisi Maitland kwa kuwa alionekana kalewa. Hakuwa amekamatwa kwa kosa lolote. Kwa kuwa hakukamatwa, kanuni ya simu haikumgusa. Hakuna aliyepiga. Alifia mle ndani.

Mapendekezo mawili yaliyotekelezwa, na mtu kaanguka katikati yake. Shangazi alitaka tuandike "hapana" kwa hasira. Nikasita, kwa sababu huduma ya simu ipo na inafanya kazi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaongeza safu nyingine, "nani kaachwa nje". Hiyo sasa ndiyo safu ninayoiamini kuliko zote.

Pendekezo moja: saa sita na nusu, watu wawili. Yamebaki 338.

31 Mei 2025. Kosa la jina

Hili naliandika kwa aibu.

Tarehe 27 mwezi huu kijana wa Kiwarlpiri, jamii nyingine ya Waaborijini, wa miaka 24 alifariki baada ya kushikwa na polisi ndani ya supamaketi huko Alice Springs. Habari zilienea usiku. Mimi, kwa pupa ya kuwa wa kwanza, nikachukua jina lake na picha kutoka mitandaoni nikaziweka kwenye jedwali. Jedwali lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo.

Shangazi alinipigia saa nne usiku. Hakupaza sauti. "Mwanangu, toa hilo jina. Toa na picha. Sasa hivi, nipo kwenye simu."

Kwa watu wa jangwa la kati, jina la aliyefariki halitamkwi. Hata aliye hai mwenye jina hilohilo hubadilishiwa, huitwa Kumanjayi. Ndiyo maana magazeti yanamwandika kijana huyu Kumanjayi White, na yule aliyepigwa risasi na polisi Yuendumu Novemba 2019, Kumanjayi Walker. Mimi niliona neno hilo mara nyingi nikadhani ni jina tu linalopendwa huko. Mtu aliyekulia pwani, alikofundishwa kusema "marehemu" kabla ya jina, alipaswa angalau kuuliza.

Nilifuta. Asubuhi nikakumbuka kwamba jedwali la mtandaoni linatunza historia ya matoleo: mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri angeweza kurudi nyuma akaliona jina. Kufuta hakutoshi. Nikanakili yaliyobaki kwenye faili jipya kabisa, nikaliharibu la zamani, nikawaandikia watu 14 waliokuwa na kiungo wafute nakala zao. Kumi na mmoja walijibu.

Kanuni mpya: kila kifo kina namba, tarehe, serikali husika na kiungo cha uamuzi wa mchunguzi wa vifo (coroner, afisa wa kisheria anayechunguza chanzo cha kifo). Jina linaingia pale tu familia yenyewe ilipolitangaza katika madai yake, na kwa namna wanayoliandika wao. Picha hapana.

28 Juni 2025. Mchoro uliodanganya bila kusema uongo

Mwezi huu ulikuwa wa kuhesabu. Taasisi ya Uhalifu ya Australia imekuwa ikitunza takwimu za vifo kizuizini tangu 1992 (rekodi zenyewe zinaanzia 1979–80), nalo hilo ni tunda la Tume. Tangu 2023 ina pia ukurasa unaosasishwa mara kwa mara badala ya kusubiri ripoti ya mwaka. Gazeti la Guardian nalo lina orodha yake tangu 2018. Nikaziweka ubavuni, hazikulingana. Nikafikiri mmoja anaficha.

Hakuna aliyeficha. Taasisi huhesabu kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Mimi nilikuwa nikihesabu Januari hadi Desemba. Halafu maana ya "kizuizini" ni pana kuliko nilivyodhani. Anayefia hospitali baada ya kutolewa selini yumo. Anayekufa kwenye gari akikimbizwa na polisi yumo. Anayeuawa wakati wa kukamatwa yumo. Nilikuwa nimewaacha nje watu wa aina hiyo, na watatu niliwaandika mara mbili, mara moja kwa siku waliyoumia na mara nyingine kwa siku waliyofariki. Siku mbili za kurekebisha.

Kisha nikachora mchoro. Vifo kwa kila wafungwa 100, Waaborijini na wasio Waaborijini. Nikashtuka: kwa kipimo hicho mara nyingi Waaborijini wako chini kuliko wengine. Nilifikiri fomula imekosewa. Nikaangalia mara tatu.

Fomula ilikuwa sawa. Tume yenyewe iligundua hivyohivyo 1991: Mwaborijini akiwa ndani hafi kwa kasi kubwa kuliko mwingine aliye ndani. Tatizo ni kwamba yumo ndani. Wakati wa ripoti Waaborijini walikuwa takriban asilimia 14 ya wafungwa. Tarehe 30 Juni 2024 walikuwa 15,871 kati ya wafungwa 44,403, yaani asilimia 36, na katika wananchi wote ni kama asilimia 3.8. Ukigawanya vifo kwa idadi ya wafungwa, kadiri unavyofunga watu wengi ndivyo mchoro unavyopendeza. Kila mfungwa mpya anakusaidia kwenye hesabu.

Nimeshasikia mchoro wa namna hiyo ukitajwa redioni kama habari njema. Sijaufuta. Nimeuweka juu ya ule wa idadi ya wafungwa, kwenye ukurasa mmoja, na hauruhusiwi kunakiliwa peke yake.

Jambo jingine nililoligundua hapa: Makubaliano ya Kitaifa ya Kuziba Pengo ya 2020, pengo kati ya Waaborijini na wengine, yana malengo 19. La kumi linataka kiwango cha kufungwa kwa watu wazima kishuke kwa angalau asilimia 15 ifikapo 2031; badala yake kinapanda. Lengo la vifo kizuizini halimo kabisa.

2 Agosti 2025. Kijani hurudi nyekundu

Mpaka sasa nilichukulia kwamba kitu kikitekelezwa kimetekelezwa. Mwezi huu ukanitoa tongotongo.

Pendekezo la 92 linasema kifungo kiwe njia ya mwisho. Nikalifuatilia Victoria kupitia sheria ya dhamana. Mwaka 2018 jimbo lilikaza masharti. Tarehe 2 Januari 2020 Veronica Nelson alifariki katika gereza la wanawake la Dame Phyllis Frost. Alikuwa amenyimwa dhamana kwa tuhuma ndogo za wizi wa dukani, na kwa saa nyingi aliomba msaada kupitia simu ya selini. Januari 2023 mchunguzi wa vifo, Simon McGregor, aliyaita mabadiliko yale ya dhamana maafa kamili yasiyo na nafuu yoyote. Bunge likalegeza sheria mwaka huohuo, ikaanza kazi Machi 2024. Nikaandika kwa furaha: yapitishwa 2023, yaanza 2024. Shangazi akanitazama tu. "Husomi magazeti?"

Machi 2025, mwezi uleule nilioanza mradi huu, jimbo lilikaza tena.

Northern Territory, moja ya yale maeneo mawili, nako vivyo hivyo. Agosti 2023 umri wa mtoto kushtakiwa ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 12. Oktoba 2024, serikali mpya, ukarudishwa 10. Miezi kumi na minne.

Safu ya sita ikazaliwa: "yarudi nyuma", yenye tarehe. Nikalazimika kupitia upya mistari yote niliyokwisha kuijaza, 212 wakati huo, kwa sababu hakuna hata mmoja niliouandikia ni lini niliuangalia. Kama unaanza leo, weka tarehe ya kuangalia tangu mstari wa kwanza. Ingeniokoa saa 30.

13 Septemba 2025. Ombi la taarifa

Nilituma ombi kwa idara moja, siitaji, nikitumia sheria ya haki ya kupata taarifa. Ada ilikuwa dola thelathini na ushei. Niliuliza: "Ni mapendekezo mangapi ya Tume mmetekeleza?" Baada ya wiki 11 jibu likaja, ukurasa mmoja na nusu, kwamba hawana hati inayolingana na ombi langu.

Nilikasirika siku mbili. Kisha wakili mmoja anayesaidia bure akanieleza kwamba kosa ni langu. Sheria hiyo inakupa hati, haikupi majibu ya maswali. Unaomba kitu chenye jina: muhtasari wa kikao fulani, ripoti ya ukaguzi wa seli ya mwaka fulani. Ombi la pili nimelituma jana, mistari minne, ada nyingine.

Na nisijione nimeonewa peke yangu. Oktoba 2022 kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia mateso ilisimamisha ziara yake Australia baada ya kukwamishwa kuingia vituo kadhaa New South Wales na Queensland. Februari 2023 ikaifuta kabisa. Australia ilishaweka saini na kuridhia mkataba unaowaruhusu waingie. Katika jedwali mkataba huo una mstari wake: umeridhiwa 2017, na kwenye "nani kaachwa nje" nimeandika "wakaguzi wenyewe".

18 Oktoba 2025. Pendekezo lilelile, kwa mara ya pili

Wiki hii mchunguzi mkuu wa vifo wa New South Wales, Teresa O'Sullivan, alitoa tamko, jambo asilolifanya mara kwa mara: mwaka huu, hata haujaisha, Waaborijini 12 wameshafariki kizuizini jimboni kwake, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliorekodiwa huko.

Mimi nilikuwa nahamisha mapendekezo ya wachunguzi wa vifo kwenye jedwali la pili. Victoria ndiyo rahisi: sheria inazitaka ofisi za umma zijibu ndani ya miezi mitatu, na jibu linawekwa hadharani. Kwingine unatafuta kama sindano. Kifo kile cha Yuendumu cha 2019 pekee kilileta mapendekezo 32, Julai mwaka huu.

Nikagundua kwamba ninaandika sentensi nilizokwisha kuziandika. Mfano mmoja. Pendekezo la 121 la mwaka 1991: mtu asifungwe moja kwa moja kwa kushindwa kulipa faini. Agosti 2014 mwanamke wa miaka 22, ambaye familia yake iliomba aitwe Ms Dhu, aliwekwa kituo cha polisi South Hedland kwa faini za dola 3,622. Alilalamika maumivu. Alifariki akiwa bado mikononi mwa polisi. Mchunguzi wa vifo, Desemba 2016, akapendekeza kuachwa kwa kifungo cha faini na kuwekwa huduma ya simu kwa mawakili. Simu ikaanza 2019. Sheria ya faini ikabadilishwa 2020. Ukitazama kwa haraka, Australia Magharibi ilimjibu mchunguzi wake kwa miaka minne, si vibaya. Ukiunganisha na 1991, ni miaka 29.

Kwa hiyo kila pendekezo jipya sasa lina safu inayoonyesha babu yake wa 1991, kama anaye. Shangazi ndiye aliyeipa jina: "ukoo".

20 Desemba 2025. Mwaka wa fedha

Takwimu za Julai 2024 hadi Juni 2025 zimetoka. Vifo kizuizini nchi nzima: 113. Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wenyeji wengine wa asili: 33, idadi kubwa kuliko zote tangu rekodi zianze 1979–80. Tangu ripoti ya Tume, jumla imepita 600.

Nilimsomea Shangazi kwa simu. Alinyamaza, nikasikia birika likichemka upande wake. Kisha akauliza kama nimeandika nani kasema. Nimeandika.

Hesabu ya mradi kufikia leo: saa 268 zangu, zake hakukubali nizihesabu. Dola 41 za kuchapa, ada mbili za maombi, dola 19 za diski ya kutunza nakala, na nauli. Mistari iliyokamilika 487. Sina hakika ni asilimia ngapi ya yote, kwa sababu bado tunagundua mistari.

17 Januari 2026. Ombi la pili, na Mombasa

Jibu la ombi la pili limefika: kurasa 63 za ukaguzi wa seli, nusu zimefutwa kwa wino mweusi. Zilizobaki zinasomeka na zina tarehe. Pendekezo la 165, lile la kuondoa vitu vya hatari ndani ya seli, litaanza na hizo. Tumepanga Jumamosi mbili.

Binamu yangu wa Mombasa ameomba jedwali tupu. Anataka kulitumia kwa vifo vya vituo vya polisi Kenya, na mstari wake wa kwanza ni Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo. "Yapitishwa" ameshajaza: 2017. Kwenye "yaanza" alikuwa ameandika "bado". Nimemrudishia. Seli tupu haiandikwi "bado". Inaandikwa siku uliyokwenda kuuliza, na uliyemuuliza. Amejibu kwamba Jumatatu atapiga simu.